Safari ya Binti Yetu, Kutoka Geita Kumfuata Mumewe Uingereza

Wengi wenu mmetuuliza habari za binti wa ndugu yetu, yule aliyeolewa Geita na Mwingereza, kama amekwisha kumfuata mumewe au angali kwetu. Mwezi huu twaweza kuwajibu. Twaandika kwa urefu kidogo, kwa sababu twajua katika nyumba zenu wamo vijana wenye wachumba ng'ambo, na wamo walimu ambao huombwa kila siku kuwajazia watu karatasi. Mambo mengi tuliyoyakuta njiani hakuna aliyetuambia kabla hatujaanza.

Geita ni mji wa dhahabu. Wazungu walichimba huko tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, machimbo yakafungwa, mji ukalala. Mwaka 2000 machimbo makubwa yakafunguliwa upya, na tangu hapo wamekuja mafundi wa mataifa mengi. Kandokando yao wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu hushuka katika maduara yao kwa kamba, na ngurumo za makarasha yanayosaga mawe husikika mchana na usiku. Binti yetu alikuwa karani katika duka la vipuri mjini, na yule kijana alikuwa fundi wa mitambo aliyekuja dukani kutafuta mpira wa pampu. Walifunga ndoa kanisani mwezi Septemba 2022, baada ya kutangazwa siku 21 kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 itakavyo. Kabla ya hapo, nyumbani Kishapu, ng'ombe 14 walikuwa wamekwisha kuingia zizini mbele ya wazee.

Kwetu Usukumani hakuna ushahidi wa ndoa upitao huo. Mzee aliyesimama langoni mwa zizi siku ile aweza kukutajia rangi ya kila ng'ombe hata baada ya miaka 30, na yupi alikuwa na pembe iliyovunjika. Lakini mzee huyo hana mhuri.

Machi 2023 mkataba wa kazi wa mume ukaisha, na kibali chake cha kukaa nchini kikaisha pamoja nao. Watu walituuliza, kwa nini asikae huku kwa mkewe? Swali ni jema, nasi tusiwalaumu wageni peke yao. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 humpa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi kwa ajili ya ndoa yake. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hakupewa njia hiyo. Basi mkwe wetu akarudi kwao, wakakubaliana kwamba mke atamfuata baada ya miezi michache.

Ilikuwa miaka miwili na zaidi.

Ombi la kwanza walilipeleka Juni 2023, na hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo twataka mlijue. Serikali ya Uingereza hutaka mume aonyeshe kwamba mshahara wake watosha kumtunza mke, na siku zile kiasi kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Mkwe wetu alipata zaidi ya hizo. Lakini haitoshi kupata. Yapasa kuonyesha hati za mshahara za miezi 6 mfululizo kwa mwajiri mmoja, pamoja na taarifa za benki zinazolingana nazo. Yeye alikuwa na za miezi 4 tu, akadhani kwamba barua njema ya mwajiri itajaza pengo. Haikujaza. Desemba jibu likaja, nalo lilikuwa la kukataa. Fedha ya matibabu ilirudishwa, ila ada ya ombi haikurudi.

Wakati huo mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, mwezi Oktoba, mvulana. Na hapa pana jambo lililowashangaza wazee wa Kishapu. Kwa sheria ya Uingereza, mtoto wa baba Mwingereza aliyezaliwa kule ni Mwingereza tangu siku anapozaliwa, hata akizaliwa Geita. Mtoto yule akapata pasipoti yake ya Uingereza kabla hajaota meno ya mbele, naye akawa na ruhusa ya kuingia nchi ile siku yoyote. Mama aliyemnyonyesha hakuwa nayo. Bibi yake aliuliza, “Sasa atakwenda na nani, huyu asiyejua kutembea?” Hatukuwa na jibu.

Mkwe wetu alipokuwa akikusanya ada upya, sheria ikabadilika. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 kiasi cha mshahara kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hata pauni 29,000. Mshahara uliotosha mwezi Machi ukawa hautoshi mwezi Mei. Alitafuta kazi nyingine, akaipata katika machimbo ya mawe ya ujenzi, kazi ya zamu za usiku, kisha ikambidi kungoja tena miezi 6 ili hati za mshahara zitimie. Mtoto akatimiza mwaka, akimjua baba yake katika kioo cha simu; kila alipoona simu ya mtu yeyote aliipapasa na kusema “Dadi”.

Miezi ile ya kungoja tuliitumia kutengeneza karatasi. Binti yetu alizaliwa nyumbani, kijijini, wala hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Siku hizi watoto walio chini ya miaka mitano huandikishwa katika vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo, lakini waliozaliwa zamani ni lazima waombe cheti kwa kuchelewa, na kuambatanisha cheti cha ubatizo, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa. Tulikwenda kanisani kufungua daftari la zamani. Jina la babu yake lilikuwamo, limeandikwa kwa mkono mzuri sana: Ng'wandu. Katika cheti cha shule, mwalimu mmoja aliyetoka mkoa mwingine alikuwa ameliandika Mwandu. Kwetu sisi ni jina moja, na kila Msukuma ajua hivyo. Kwa mtu asiyejua, hao ni watu wawili. Ilitubidi kwenda kwa wakili kuapa, tukapata hati ya kiapo isemayo kwamba Ng'wandu na Mwandu ni mtu mmoja, kisha ndipo cheti kikatoka, na baada ya cheti pasipoti mpya kwa ada ya shilingi 150,000, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa na jina la shule. Sisi wenyewe ni walimu, na tulipolitazama lile daftari tulijiuliza ni watoto wangapi tumewabadilishia majina kwa kalamu zetu.

Ulikuwapo pia mtihani wa Kiingereza, wa kusema na kusikia tu, daraja la A1, ambalo ni la chini kabisa. Binti alikuwa amesoma sekondari miaka minne, masomo yote kwa Kiingereza, lakini cheti cha sekondari hakihesabiwi. Ni shahada ya chuo kikuu tu iwezayo kumwondolea mtu mtihani huo. Aliufanya, akaushinda, akacheka. Kisha kipimo cha kifua kikuu, ambacho hakipokelewi ila kikitoka katika kliniki iliyokubaliwa na serikali ile, na cheti chake hudumu miezi 6. Alikiogopa hicho kuliko mtihani, maana katika nchi ya machimbo kila ukoo una mtu aliyekohoa hata akafa. Mapafu yake yalikuwa safi.

Februari 2025 tukaenda Geita kumchukua. Tulitoka Shinyanga alfajiri kwa njia ya Mwanza. Ukifika Maganzo, upande mmoja waona njia iendayo Mwadui, ambako Williamson, yule mjuzi wa mawe kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5, naye akampa Binti Mfalme Elizabeth kuwa zawadi ya arusi. Tuliisimulia habari hiyo ndani ya basi. Abiria mmoja, mama muuza dagaa, akasema kwamba jiwe la Shinyanga lilikwenda arusini Uingereza bila kuulizwa Kiingereza. Gari zima lilicheka. Nasi tukakumbuka kwamba hata bwana arusi wa siku ile, Philip, aliyezaliwa Ugiriki, alipewa uraia wa Uingereza mwaka uo huo wa 1947, kabla ya arusi.

Usagara tukageuka kushoto hata Kigongo, kwenye ghuba ya ziwa. Siku hizo watu wangali wakivuka kwa kivuko. Tulingoja zaidi ya saa mbili, katikati ya malori na wauza samaki, na mbele yetu, juu ya maji, lilisimama daraja jipya la kwenda Busisi, urefu wake kilomita 3, karibu limekwisha lakini limefungwa. Wafanyakazi walipita juu yake wakiwa wadogo kama siafu. Binti alituambia baadaye kwamba katika safari zake za mwaka ule aliichukia sana nafasi ile, kwa sababu ya kuona njia kwa macho na kuzuiwa kuikanyaga.

Tulirudi naye Shinyanga pamoja na mtoto, tukalala usiku mmoja, tukashika basi la Dodoma. Njia yapita Tinde, Nzega na Igunga, ukavuka mbuga ya Wembere iliyo tambarare kama meza, kisha gari lapanda kwa taabu mlima wa Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Mtoto alilala tangu Igunga hata Singida. Bati la biskuti lenye karatasi hatukuliweka juu na mizigo; tulilipakata kwa zamu, kama mtoto wa pili. Dodoma tulipanda treni mpya ya umeme iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Wazee wangali wakiiita gari la moshi, ingawa moshi haina. Katika muda usiotimia saa nne tulikuwa Dar es Salaam.

Ofisini alipigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi, akatoka baada ya nusu saa. Maombi yenyewe yalikuwa yamekwisha kujazwa kwa kompyuta, na fedha zimelipwa na mume: ada pauni 1,846, na ya matibabu pauni 3,105, jumla pauni 4,951, ndizo zaidi ya shilingi milioni 15. Ndugu yetu, baba wa binti, alipoambiwa hesabu hiyo alinyamaza, kisha akasema kwamba Waingereza nao hutoza mahari. Pamoja na karatasi zilikwenda picha za arusi, ujumbe wa simu wa miaka miwili, na picha moja ya zizi ambayo mjomba aliipiga siku ya mahari. Maombi ya namna hii huamuliwa katika mji wa Sheffield. Hatujui kama afisa wa Sheffield aliwahesabu wale ng'ombe, lakini tuliandika chini ya picha, kwa Kiingereza, kwamba ni 14, na wawili wamefichwa na mti.

Tuliambiwa tungoje hata wiki 24. Wakati wa kungoja hauna mengi ya kusimuliwa. Binti alirudi dukani kwake. Kila jioni aliipeleka simu mahali penye mtandao mzuri, na kila jioni alirudi bila neno. Wapo waliomnong'oneza kwamba mume amekwisha kuoa kule. Katika miji ya machimbo maneno hayo ni mepesi, kwa sababu wengi wameachwa hivyo kweli, na wengi wao waliishi na waume zao kambini bila cheti cha aina yoyote, wala hawakuwa na cha kumwonyesha hakimu. Yeye alikuwa na bati lake. Usiku mmoja mke wangu alimkuta amelifungua sakafuni, akizipanga karatasi upya, ingawa hapakuwa na wa kumpelekea.

Jibu lilikuja Julai, katika wiki ya 21. Kibandiko kilikuwa cha siku 90 za kuingia, na ruhusa ni ya miezi 33. Baada ya hapo ataomba tena na kulipa tena, na baada ya miaka 5 ndipo ataweza kuomba kukaa bila mwisho. Mama yake alisomewa yote hayo, akauliza swali moja tu, kama siku hizo 90 zimeanza.

Tulimsindikiza mwanzoni mwa Agosti, kutoka Geita hata uwanja wa ndege wa Mwanza. Daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 Juni, likapewa jina la marehemu Rais Magufuli. Binti alimwinua mtoto dirishani ili amwonyeshe mahali pa kivuko, lakini kabla hajamaliza kumweleza tulikuwa tumekwisha kufika ng'ambo ya pili. Uwanjani afisa alizitazama pasipoti mbili, ya mama ya Tanzania na ya mtoto ya Uingereza, akamtazama mtoto, akamsalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka”. Mtoto akaipapasa simu ya afisa, akasema “Dadi”.

Ndege ikaondoka mchana. Bati la biskuti liko kwetu Shinyanga, na ndani yake zimo nakala zote. Mwenye kutaka kuziona ili ajue jinsi zilivyopangwa, na aje nyumbani baada ya saa za shule.