Khukuri, panga au umuhoro?

Leo tunaandika juu ya kitu kinachoonekana kidogo, lakini kilitubishanisha jioni mbili: chombo cha kukatia. Sisi vijana tunaojitolea kambini huku upande wa Rumonge tulichanga franka kidogo kidogo, zikafika za kununua chombo kimoja kizuri. Kimoja tu. Sasa kipi?

Mmoja wetu alikuwa ameona kwenye simu video za khukuri, kile kisu kilichopinda cha watu wa Nepali. Tusiongope, ni kisu kizuri. Kimeinama kwenda mbele, na makali yako upande wa ndani, pale kinapopinda. Uzito wake umekaa mbele, kwa hiyo ukikishusha kinapiga kama shoka dogo. Ndani ya ala yake kunakaa visu vingine viwili vidogo, kimoja cha kazi ndogondogo na kingine butu cha kunyooshea makali. Kwao Nepali ni chombo cha nyumbani, wanakatia kuni na nyama. Ila dunia ilikijua kupitia askari Gurkha, wanaotumikia jeshi la Uingereza tangu 1815.

Tukaacha video, tukahesabu kazi zetu. Kupasua kuni za kupikia. Kukata matete na miti ya kusimamishia turubai. Kufyeka majani karibu na vyoo ili nyoka wasijifiche. Kupunguza makuti ya michikichi, maana Rumonge ni mji wa mawese, na makuti tunajengea uzio.

Kwa kazi hizo, panga refu linahitaji nafasi. Unalirusha juu, na kambini turubai zimebanana na watoto wanakimbia kila upande. Umuhoro wa Warundi ni mfupi, ncha yake imejikunja kama mdomo wa ndege, na makali yako ndani, sawa na khukuri. Tofauti ni kwamba umuhoro unauvuta, huna lazima ya kuurusha. Unashika tete, unavuta, limekatika. Kwa gogo nene hauwezi, hapo tunaazima shoka.

Na chuma je? Kumbe mafundi wengi wa Nepali wanafua khukuri kwa springi za gari kuukuu, kama wahunzi wengi wa kwetu wanavyofanya. Basi jina la mbali haliongezi ukali. Ukienda sokoni, angalia haya: pitisha tupa kwenye makali. Ikila chuma kama inakula bati, acha. Ikiteleza kabisa bila kushika, nayo acha, makali yatavunjika. Ishike kidogo. Tingisha mpini, usicheze. Uangalie kama mbao ina ufa. Na ujiulize, ukivunjika, fundi wa kutengeneza yuko karibu?

Lakini kilichotuamulia hasa ni neno la mzee mmoja jirani. Alitusikia tunabishana, akasema: "Wana wangu, shida si ukali. Shida ni yule anayekuona nacho njiani na hajui unaenda wapi."

Tulinyamaza. Huku kusini ndiko mambo ya 1972 yalikoanzia, tarehe 29 Aprili, Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji yakaenea nchi nzima. Wengi walivuka ziwa hili hili kukimbilia upande wa kwetu na Tanzania. Wakati ule wao walikuwa wageni wetu, leo ni sisi. Wao wanakumbuka panga, na sisi tuliovuka juzi tunakumbuka panga. Sasa kijana mkimbizi akutwe kwenye bariyeri na kisu cha askari kiunoni, nani atamsikiliza akisema ni cha kuni? Umuhoro kila mtu anaujua. Kila asubuhi mama wanaenda nao shambani pamoja na jembe. Ukionekana, umeshasema wenyewe kwamba ni kazi.

Hivyo tulinunua umuhoro, na tupa moja. Tukaweka sheria:

Umuhoro unalala kwa mama mmoja tunayemheshimu wote, haulali kwa kijana yeyote.

Anayeuchukua anaandika jina kwenye daftari, na anaurudisha kabla jua halijazama.

Njiani unafungwa ndani ya gunia, na hatuendi kuni mtu mmoja mmoja.

Aliyekunywa hapewi. Mtoto hapewi.

Kukitokea ugomvi, kitu cha kwanza ni kwenda kwa yule mama kuhakikisha umuhoro upo.

Wengine wanasema sheria ni nyingi kuliko chombo. Sawa. Ila mpaka leo mama jirani, Mrundi, anatuma mtoto kutuazima umuhoro, na sisi tunamuazima shoka lake. Tunaona hapo tulichagua vizuri.

Nyinyi wa kambi zingine mnatumia nini, na nani anakitunza? Tuandikieni.