Uchungu Tulioushukuru

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hapa nyumbani Tanzania, baada ya uchungu wa siku nzima na usiku wake. Jumapili moja baadaye tulikwenda kanisani kumshukuru Mungu kwa uvumilivu wa mama. Washarika walipiga vigelegele. Mmoja wetu alihubiri. Mwingine alikaa benchi la mbele amempakata mtoto, kimya.

Miaka minne baadaye tulikuwa Leipzig, Ujerumani, kwa masomo ya theolojia, tukimtarajia mtoto wa pili. Daktari wa usingizi alitueleza juu ya ganzi ya mgongoni: mrija mwembamba hupitishwa kiunoni, kati ya pingili za uti wa mgongo, na dawa hupita humo kidogo kidogo. Jambo kubwa, alisema, ni kiasi. Zamani dawa iitwayo bupivakeini ilitumika sana kwa nguvu ya asilimia 0.25, siku hizi wengi hutumia karibu 0.1, ikichanganywa na dawa nyingine ya maumivu. Dozi nzito huzima maumivu, lakini miguu hulegea na mama hupata shida kusukuma. Dozi nyepesi hupunguza makali, naye huweza kuendelea kusikia mkazo unapokuja. Hakutuficha madhara: shinikizo la damu huweza kushuka, na wachache huumwa sana kichwa.

Njiani tulibishana. Je, si Mungu mwenyewe aliyesema mwanamke atazaa kwa uchungu? Jibu lilikuja tukiwa kituoni tukingoja tramu: "Baba, siku ile kanisani ulishukuru kwa maumivu yangu. Hukuniuliza."

Usiku ule tulifungua Mwanzo sura ya 3 kwa Kiebrania. Neno linalotaja taabu ya mwanamke katika kuzaa ndilo linalorudi katika aya inayofuata, kutaja taabu ya mwanamume katika kulima. Tulikuwa tumelifundisha chuoni miaka mingi. Lakini hatukuwahi kumkemea msharika aliyenunua trekta, tuliibariki. Maneno yale yanaeleza hali ya dunia iliyoanguka. Hayatuagizi kuilinda taabu hiyo, tena kwa mama peke yake.

Aliyebeba mimba alichagua dozi nyepesi. Siku ilipofika, mwanzoni haikutosha; upande wa kushoto uliendelea kuuma, akaomba aongezewe. Neno "vumilia" lilifika mdomoni mwa mchungaji. Safari hii alilimeza, akaenda kumwita daktari. Dozi iliongezwa kidogo. Alfajiri binti yetu alizaliwa, mama akimsukuma kwa nguvu zake mwenyewe, na akiwa na pumzi ya kumwita jina.

Tumerudi nyumbani, ambako akina mama wengi hawana nafasi ya kuchagua kama tuliyoipata. Hatusemi kwamba anayezaa bila ganzi amepungukiwa, wala kwamba anayeipata ana imani haba. Tunaomba jambo moja: tusimshukuru Mungu kwa uvumilivu wa mtu kabla ya kumuuliza mwenyewe aliumia kiasi gani, na kama tungeweza kumpunguzia.

Tulipomtoa binti yetu kanisani, mchungaji alikaa benchi la mbele na mtoto. Mama ndiye aliyesimama kutoa shukrani.