Ushuhuda Tulioupigia Makofi

Hapa Kyimo huwezi kuendesha baiskeli bila kupanda au kushuka. Ukitoka kanisani kwenda mtaa wa jirani unapita kwenye migomba na mashamba ya chai, na kila bonde lina kilima chake kinachokungoja. Ndiyo maana watu walitushangaa sisi watatu, mchungaji, mwinjilisti na mwalimu wa kwaya, tulipoamua kuwasindikiza vijana wetu kwa baiskeli hadi Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Kushuka si kazi. Kazi ni kurudi, kwa maana ziwa liko chini yetu kwa zaidi ya mita 1,000.

Tukaanza mazoezi miezi mitatu kabla ya safari, alfajiri, mara tatu kwa wiki. Kijana wetu mmoja anayesoma chuo alituachia kipima mapigo ya moyo. Ni mkanda wa kufunga kifuani, unaopokea umeme mdogo wa moyo na kupeleka hesabu kwenye saa ya mkononi. Vipimo vya namna hii vilianzia Finland, kwa kampuni ya Polar iliyoundwa mwaka 1977, kwa ajili ya wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji. Sisi tulikuwa na mmoja tu, tukaufunga kwa zamu.

Kijana huyo alitufundisha mambo mawili. La kwanza, toa umri wako kwenye 220. Mwenye miaka 45 atapata 175, nayo ni kadirio la mapigo ya juu kabisa kwa dakika. Sehemu kubwa ya mazoezi ifanyike chini sana ya hapo, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema. La pili, usisukume gia nzito kwa nguvu za magoti. Weka gia nyepesi, uzungushe pedali karibu mara 80 kwa dakika. Kwa kuwa hatukuwa na kifaa cha kuhesabu mizunguko, mmoja alihesabu goti la kulia la mwenzake kwa sekunde 15, akazidisha kwa nne. Goti likipanda mara 20, lengo limefikiwa.

Mwinjilisti wetu alicheka. Ana miaka 58, na kwa zaidi ya miaka ishirini amezunguka mitaa yetu kwa baiskeli isiyo na gia, Biblia ikiwa imefungwa kwenye keria. "Baba Mchungaji," alisema, "moyo wangu Bwana alishaupima."

Tulijua anasema nini. Mwaka uliotangulia alisimama katika ibada akashuhudia kwamba alikuwa na presha, akaombewa, akapona, na dawa ameziacha. Tulipiga makofi. Kwaya ikaimba. Sisi tuliokuwa madhabahuni tukasema Amina kwa sauti kuu.

Siku ya zamu yake tulipanda kilima kirefu cha kutoka bondeni. Juu ya kilima saa ilionyesha 171, wakati kadirio la umri wake ni 162. Tukasimama tupumzike. Sisi wengine huwa tunashuka hadi 105 au 110 baada ya dakika tano. Yeye alibaki 138, na namba ikawa inarukaruka.

"Mkanda umeharibika," alisema. Tulimwamini upesi, kwa sababu ndivyo tulivyotaka iwe. Mkanda ukiwa mkavu hausomi vizuri, kwa hiyo tukaulowesha maji, tukamfunga mwalimu wa kwaya. Ukasoma sawasawa. Tukamrudishia mwinjilisti. Namba zikawa zilezile.

Akaketi kando ya barabara, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kichwa kinaniuma tangu Pasaka. Usiku silali. Lakini ningewaambiaje, wakati mlishanipigia makofi?"

Swali hilo hatukuwa na jibu lake, na tumelibeba hadi leo. Hatukumwambia aache dawa. Lakini aliposema ameziacha, hakuna aliyemwuliza amepimwa wapi, na lini. Tulifurahia habari njema kuliko tulivyomjali mwenye habari. Tulimpandisha mahali ambapo hakuweza kushuka bila kuonekana amepungukiwa imani, tena mbele ya watu anaowahubiria.

Asubuhi hiyohiyo tulimpeleka hospitali. Daktari alitueleza kwamba mkanda wa mapigo haupimi presha, lakini tulifanya vema kuja, kwa sababu presha yake ilikuwa juu sana na moyo ulikuwa haupigi kwa mpangilio. Presha inaweza kukaa miaka bila maumivu, huku ikiharibu moyo na figo au kuleta kiharusi. Mtu akimeza dawa akajisikia vizuri, mara nyingi ni dawa inayofanya kazi, wala si dalili kwamba aiache.

Tuliporudi tulisoma tena habari za mfalme Hezekia. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Hata hivyo, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalikuwa yamekwisha kujibiwa, na bado dawa ikaletwa. Naye Martin Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, na akaandika kwamba dawa ni kipawa cha Mungu na anayeidharau anamjaribu Mungu. Mambo hayo tuliyasoma chuoni na kuyajibia mitihani. Siku ya makofi hayakutujia.

Sasa mtu akishuhudia kuponywa tunamshukuru Mungu pamoja naye. Kisha, faraghani, tunamwuliza kama amerudi kupimwa, na asipokuwa na nauli tunaitafuta. Hilo halipunguzi imani yetu. Anayejua Mungu ndiye mponyaji hana sababu ya kuogopa kipimo.

Matema tulikwenda, na njiani kurudi tuliteremka kusukuma baiskeli mara nyingi kuliko tutakavyokiri hapa. Mwinjilisti wetu alikwenda kwa basi, kwa agizo la daktari.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi ya kushuhudia tena. Alitoa dawa zake mfukoni, akazionyesha, akasema alikosea kuziacha na alikosea zaidi kunyamaza. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Baada ya ibada mama mmoja alimfuata nje, akamwuliza kwa sauti ya chini kliniki ya presha ni siku gani. Wiki hiyo walikwenda watano.