Nani Analipia Tamaa Yako?

Wale mlikuwa kanisani mwaka jana mnajua sehemu ya habari hii. Leo naiandika yote, kwa sababu wiki hii watu watatu wamenipigia simu na wote wameuliza kitu kimoja: "Pasta, mbona Mungu anambariki fulani na mimi ananipita?" Siwezi kulijibu swali hilo kama mtu asiyelijua. Nimeliuliza mwenyewe, na likanipeleka pabaya.

Kuna mchungaji mwenzangu tuliyeanza naye huduma. Tulihubiri pamoja sokoni kwa spika moja ya kuazima. Mwaka jana kanisa lake lilimnunulia gari, akaja nalo kwenye ushirika wetu wa wachungaji. Mimi nilishuka kwa bodaboda, suruali imejaa matope. Alipoitwa mbele kutoa ushuhuda, mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote na kusema "Ameni" kwa sauti kuliko wote. Lakini moyoni nilikuwa nahesabu: mimi nafunga na kuomba zaidi yake, washirika wetu wanakaribia kuwa sawa, sasa kosa langu ni nini?

Usiku ule sikula. Mama mchungaji aliponiuliza kama naumwa, nikasema ni kichwa. Ulikuwa uongo.

Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya kumheshimu mtumishi wa Mungu. Maandiko yalikuwa ya kweli, ila sababu ya kuyachagua ilikuwa lile gari. Baada ya mahubiri tukapitisha karatasi ya ahadi, kila mtu aandike atakachotoa kwa usafiri wa mchungaji. Watu wakaandika. Nikajiambia ni Roho anatenda kazi.

Mama mmoja mjane, ambaye huuza sukuma wiki karibu na steji, alileta shilingi 3,000 zimefungwa kwenye leso. Nikamwombea, nikamwambia hatapungukiwa. Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, nikampata kijana wake kwenye mjengo akibeba mawe, bado amevaa shati la shule. Nikamuuliza mbona hayuko darasani.

"Nimetumwa karo, Pasta. Mama amesema ningoje kidogo. Zile pesa alikuwa nazo alizitoa kanisani."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nilirudi nyumbani nikafungua 1 Wafalme 21, sura ambayo nimeihubiri mara nyingi nikimnyoshea Ahabu kidole.

Ahabu alikuwa mfalme. Alikuwa na jumba kule Yezreeli. Lakini kando ya jumba kulikuwa na shamba la mizabibu la Nabothi, naye akalitaka ili apande mboga. Wapendwa, mboga! Mtu mwenye ufalme mzima anakosa raha kwa sababu ya bustani ya mboga. Nabothi alipokataa kuuza urithi wa baba zake, mfalme alirudi kwake, akajilaza kitandani, akageuza uso, akakataa chakula. Niliposoma hapo nikakumbuka sahani yangu ya usiku ule.

Ahabu hakumgusa Nabothi kwa mkono wake. Yezebeli ndiye aliyeandika barua, mashahidi wa uongo wakasema, watu wa mji wakarusha mawe. Lakini Eliya alipokuja, alimwendea Ahabu palepale shambani. Mungu alijua damu ile ilianzia wapi. Ilianza na mtu aliyetazama cha jirani mpaka akasahau chake.

Hapo ndipo nilijifunza kwamba tamaa haikai moyoni peke yake. Ikikomaa, lazima mtu alipe. Ya Ahabu ililipwa na Nabothi. Yangu ilikuwa inalipwa na kijana wa shule mwenye mawe begani.

Mtu asinielewe vibaya. Kuomba gari si dhambi. Kuomba nyumba, kazi, mume au mke, omba tu, Baba yetu si maskini. Amri ya kumi, Kutoka 20:17, inakataza kutamani cha jirani. Amri hii ni ngumu kwa sababu haina shahidi. Ukiiba utaonekana, lakini hii unaweza kuivunja ukiwa umeinua mikono katika sifa. Na Paulo katika Wakolosai 3:5 anaiita tamaa ya namna hii ibada ya sanamu. Mimi nilikuwa na sanamu yenye magurudumu manne.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikakiri. Mweka hazina alisoma daftari na kila mtu akarudishiwa chake, akianza yule mama. Mzee mmoja wa kanisa hakufurahi, aliniambia nimejiaibisha. Labda ni kweli. Lakini Jumatatu kijana yule alikuwa darasani.

Kisha nikaenda kwa mchungaji mwenzangu, nikamweleza yote, nikampongeza upya, safari hii kwa moyo. Bado napanda bodaboda. Na siku zingine gari lake likinipita, nasikia kitu kikinichoma kidogo. Nikikisikia, namwombea yeye kwa jina, na familia yake, na hata magurudumu yake, mpaka kiishe.

Mpendwa, leo kabla hujalala jiulize: ni cha nani ninachokitazama sana? Na nikiendelea kukitazama, ni nani nyumbani kwangu atakayelipa? Huenda ni watoto wanaokula kidogo ili ununue simu kama ya rafiki yako. Huenda ni mume anayezama kwenye mikopo kwa ajili ya sherehe inayofanana na ya jirani.

Omba nami: Bwana Yesu, nisamehe kwa kuhesabu baraka za wengine. Nifungue macho nione ulichonipa. Nifundishe kumfurahia ndugu yangu bila unafiki. Na kama kuna mtu ameumia kwa sababu ya tamaa yangu, nipe ujasiri wa kumrudishia. Ameni.

Kama umeomba, andika "Ameni" hapa chini. Na kama kuna mtu wa kumrudishia kitu, usingoje Jumapili.