Mkato uliotaka kuligombanisha darasa

Najua nimewatupa, majaribio yametubana si mchezo. Leo nina habari ya hapa chuoni, na nyie msiosoma kompyuta msikimbie, mtaelewa tu.

Kuna mwenzetu alikuwa hajamaliza ada, na bila ada hakuna mtihani. Darasa tukachanga, watu 40. Dada mmoja akawa mweka hazina, anapokea kwa simu na kunakili kila mchango kwenye faili jinsi mtu alivyouandika. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akatupa kaprogramu kake ka lugha ya C ka kujumlisha. Ijumaa jioni kakatoa jibu: shilingi 180,430.

Jamani! Maneno yakaanza. "Si ndo maana ana simu mpya." Dada wa watu akalia, akasema pesa zote zipo, hakuna aliyetaka kumsikia.

Mimi ile 430 ndo ilinikaa kichwani. Nani alichanga mia nne na thelathini?

Sasa hapa nisikilizeni. Ukiandika 7, kompyuta haioni saba. Inaona herufi tu, ambayo kwenye ASCII ina namba 55. Sifuri ni 48, kwa hiyo unatoa 48 ndo unapata saba ya kweli. Kwa tarakimu nyingi unaanza na sifuri, unazidisha kwa 10, unajumlisha tarakimu inayofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwenye C kazi hiyo hufanywa na atoi. Tatizo la huyu bwana ni ukimya: akikutana na kitu kisicho tarakimu anaishia hapo hapo, hasemi kitu. Mpe "elfu kumi" anakurudishia 0, utadhani mtu hakutoa hata senti!

Nikafungua faili. Watu 18 waliandika 10000, safi. Kumi waliandika 25,000 na kumi na wawili 15,000. Ule mkato! Elfu ishirini na tano ikawa ishirini na tano, elfu kumi na tano ikawa kumi na tano. 250 jumlisha 180, ndo hiyo 430 yetu. Nikaondoa mikato, jumla ikaja 610,000, sawasawa na iliyokuwa kwenye simu ya dada.

Mwenye programu angetumia strtol, ambayo inakuonyesha ilipoishia kusoma, angeuona mkato mapema. Mimi napenda Python zaidi: int ikipewa "25,000" inagoma kabisa, inakupigia kelele ya ValueError. Bora kelele. (Halafu wale mnaogeuza namba za simu kuwa namba kamili, acheni! Sifuri ya mbele inapotea, na ukianza na 255 inazidi 2,147,483,647, ambayo ndo mwisho wa inti ya biti 32.)

Jumamosi nikabandika hesabu yote kwenye kundi la darasa, mstari kwa mstari. Jumatatu asubuhi ada ikalipwa, jamaa mtihani anafanya. Wale waliokuwa wanamsema dada wamekaa kimya kama atoi, samahani hata moja sijaisikia. Yeye kasema mchango ujao tutafute mtu mwingine, na simlaumu.

Haya, ngoja niwahi maabara kabla viti havijaisha.