Kabla Hamjapiga Hema Seronera

Mugumu, Serengeti

Mwanangu,

Mama yako mdogo goti limempa nafuu, ameanza tena kugombana na kuku.

Nimepata ujumbe wako kwamba likizo hii ya Juni mnataka kuingia Serengeti na mahema badala ya kwenda Mwanza. Nimefurahi, mura, ndiyo maana nimekaa kuandika. Simu zangu huwa unazipokea ukiwa juu ya bodaboda, na haya yanamtaka mtu aliyetulia.

Neno langu ni moja, mengine ni matawi yake: usiwaingize watoto mle kama watalii. Wanaijua Serengeti ya kwenye televisheni, inayosimuliwa na Mwingereza, na wamekua wakiamini kwamba ni mali ya wageni na sisi hukaribishwa kwa hisani tu. Mtoto wa namna hiyo ataona simba, atapiga picha, atarudi Tarime vilevile alivyoondoka.

Waanzie na habari ya ng'ombe. Sotoka ilipoingia nchi hizi miaka ya 1890 iliua ng'ombe wetu na nyumbu wa porini bila kubagua, kisha ikabaki humuhumu kwa zaidi ya nusu karne. Kila mwaka ilikuwa ikifyeka nyumbu wachanga waliokwisha kuacha kunyonya. Hesabu ya mwaka 1961 ilipata nyumbu kama 250,000 tu katika Serengeti nzima. Kufikia 1977 walikuwa kama milioni 1.3. Kilichotokea hapo katikati watoto hawasimuliwi: ng'ombe waliokuwa wakiizunguka hifadhi walichanjwa, sotoka ikakosa pa kujificha, ikatoweka kwa nyumbu ambao hakuna aliyewahi kuwadunga sindano.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Nakumbuka ng'ombe wamepangwa kwenye uchochoro wa miti, bwana mifugo amevaa kaptula ya kaki, sindano zinachemka kwenye sufuria tuliyoazima kwa jirani, na babu yako ameshika pembe za fahali huku akimtukana kwa upole. Wazee walilalamika kupotezewa siku nzima. Hakuna aliyejua kwamba pale tulikuwa tunajaza mbuga ya jirani. Kwa hiyo mkiwakuta nyumbu wametanda upande wa Ikoma, maana Juni ndiyo mwezi ambao huwa huku kwetu magharibi kabla hawajapanda kwenda Mto Mara, simamisha gari uwaambie wanao: hawa wana deni kwa zizi la babu zenu.

Yule Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael nao wana sehemu yao, usiwanyime. Waliruka na kandege kao kuhesabu wanyama, Michael akafa Januari 1959 ndege ilipogongana na tumbusi, na filamu yao ya Serengeti ikapata tuzo ya Oscar. Lakini dunia iliyoitazama filamu ile iliondoka ikiamini kwamba adui wa Serengeti ni Mwafrika mwenye upinde. Ni hadithi nusu.

Na mpaka je? Mwanao mkubwa atauliza, maana ana maswali kama hakimu. Mwambie kweli. Hifadhi ilitangazwa 1951, Ngorongoro ikatengwa 1959, na Lamai, ng'ambo ya Mto Mara, ikaongezwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo Waikoma, Wanata, Wangoreme na Wakurya walikuwa na njia zao mle, mizinga yao ya nyuki na mawindo yao. Hata leo vijiji vya Tarime vinavyopakana na hifadhi vina manung'uniko ya mipaka. Usiwafiche watoto, wala usiwawashie hasira. Manung'uniko ya mpaka yana vikao vyake. Mtego wa waya haujawahi kumrudishia mtu shamba. Humkata pundamilia mguu, na humpeleka kijana wetu jela akiacha mke na watoto. Na mtu akikupitishia nyamapori njiani kwa bei ya kutupa, mwambie umeshakula.

Sasa safari yenyewe. Njooni kwa barabara ya Nyamongo, mlale kwangu Alhamisi. Usikodi Noah, hata wakikuapia. Juni barabara ni kavu, ila mawe na mashimo yatawatoa roho. Tafuta Land Cruiser hapahapa Mugumu, na dereva anayeijua mbuga. Chukua kitambulisho cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili mlipe ada ya raia, ambayo ni sehemu ndogo tu ya anayotozwa mgeni wa nje. Fedha taslimu hazipokelewi langoni, kwa hiyo pata namba ya malipo mapema. Kibali huhesabiwa kwa saa 24. Mkiingia lango la Ikoma Ijumaa saa 6 mchana, mtatoka Jumapili saa 6 mchana mkiwa mmelipia siku mbili na kulala usiku mbili. Wengi hukimbilia kuingia alfajiri, kisha siku ya mwisho wanaharakishwa kutoka hata chai hawajanywa.

Pale Seronera kuna kambi za umma: Pimbi, Nyani, Dik Dik, Tumbili. Hazina uzio. Kuna vyoo, na jiko limezungushiwa wavu ili wanaofungiwa muwe ninyi wapishi, si fisi. Pikeni humo, mle humo, na chakula chochote kisiingie hemani, hata chungwa, hata biskuti ya mdogo. Viatu viwekwe ndani, fisi hupenda ngozi. Kuni za porini haziokotwi. Beba mtungi mdogo wa gesi. Mablanketi yawe mazito, kwani Seronera iko juu, kama mita 1,500, na Juni usiku una baridi ya kweli. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi ziache nyumbani, ndorobo wanazifuata.

Jambo la usiku nalisisitiza. Beba ndoo yenye mfuniko, iwe ndani ya hema la watoto, na pasiwe na aibu juu yake. Mtu mzima akilazimika kutoka, kwanza afungue zipu kidogo, amulike tochi taratibu pande zote, atafute macho yanayong'aa. Akiyaona, afunge na kusubiri. Simba akinguruma mtadhani yuko mlangoni. Sauti yake husikika hata kilomita nane. Waambie hivyo mapema, mchana, wasije wakaogopa kwa kubahatisha.

Mchana dereva atataka kukimbia kila redio inaposema chui yuko huku, duma yuko kule. Mkatalie. Nendeni Retima kwenye bwawa la viboko, ambako mnaruhusiwa kushuka garini, mkae hata saa mbili. Watoto wasikilize viboko wakigombea nafasi kwenye tope. Nani kakwambia lazima waone wanyama wote watano wakubwa?

Mkamwana wangu ameuliza kama mnaweza kuendelea mpaka Oldupai. Ni bonde zuri sana, kuta zake zimekatika kama mita 90 kwenda chini, na hapo mtafiti Mary Leakey aliokota fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinj Julai 1959. Lakini liko Ngorongoro, chini ya mamlaka nyingine na ada nyingine, na humo bondeni hakuna kupiga hema. Kwa watoto wa umri huu ni jua na mawe tu. Subirini mkubwa aingie kidato cha kwanza, na mimi nitakuja.

Hema langu la turubai usilihesabu, panya wamelifanya shamba. Nunua mawili Mwanza, uyapige uani kwako usiku mmoja kabla ya safari, mjue kama vigingi vimetimia. Na unitumie jibu la siku kamili, nimtafute dereva kabla hajachukuliwa.

Baba yako mdogo