Kisanduku cheusi ndani ya Probox ya mama

Nimekuwa kimya karibu miezi miwili na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilijipa kazi ya pembeni, kazi hiyo ikanigombanisha na watu wa nyumbani, na leo nataka kuwasimulia ilivyokuwa. Ni hadithi ya bima ya gari, madereva vijana na kifaa kidogo nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Kama wewe ni mtu wa programu, utacheka kosa langu. Kama si mtu wa programu usiogope, nitaeleza polepole.

Mama yangu ni mfanyabiashara wa viazi hapa Meru. Viazi vinatoka upande wa Timau, tunavipakia Gakoromone, halafu Probox inashuka navyo Nkubu, Igoji hadi Chuka. Mwaka jana mdogo wangu, ambaye ana miaka 19, alipata leseni. Mama akaona hakuna haja ya kuendelea kulipa dereva wa nje wakati kuna kijana nyumbani. Tukaenda kwa ajenti wa bima kuuliza. Akatuambia kijana anaweza kuendesha, lakini akipata ajali, kile kiasi ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijaweka mkono mfukoni kitakuwa kikubwa zaidi. Kwa nini? Kwa sababu umri wake ni mdogo na leseni yake ni changa.

Mama akauliza, "Wanajuaje kama kijana wangu ni dereva mbaya? Wamemwona wapi akiendesha?"

Ajenti alicheka tu. Lakini mimi swali hilo lilinikaa kichwani, kwa sababu nilijua kuna nchi ambazo zimejaribu kulijibu.

Uingereza vijana hutozwa bima ghali sana, mpaka wengine bima inashinda bei ya gari lenyewe. Mwaka 2006 kampuni ya Norwich Union ilianza kuuza bima ya kulipa kadiri unavyoendesha. Gari linafungwa kisanduku chenye GPS, kinaripoti gari limekwenda wapi na saa ngapi. Mwaka 2008 wakaachana nayo. Mwaka 2010 ikaja kampuni ya insurethebox na wazo lilelile, na safari hii likashika. Kisha Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua mwaka 2011 kwamba kampuni za bima haziruhusiwi kumtoza mtu bei tofauti kwa sababu ni mwanamume au mwanamke, na uamuzi huo ukaanza kutumika tarehe 21 Desemba 2012. Kampuni zilizokuwa zikiwatoza wavulana zaidi ya wasichana zikahitaji njia nyingine ya kupima hatari. Kisanduku kilikuwa tayari. Kinapima mwendo, breki, kona na saa za usiku, halafu kinampa dereva alama. Alama nzuri, bei inashuka.

Na sisi Kenya tusijione wageni kabisa katika mambo haya. Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, kila matatu ilitakiwa kufungwa spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Wote tunajua kilichofuata: fundi anachomoa waya, gari linapaa. Ndiyo maana kiwango kipya cha mwaka 2018, KS 2295, kikataka kifaa kisiwe cha kuzuia mwendo tu, bali kirekodi data na kuituma. Hicho tayari ni binamu wa kile kisanduku cha Uingereza.

Basi nikajiambia, mimi nina digrii ya kompyuta, nitashindwaje? Nikaagiza vifaa kutoka Luthuli, Nairobi, vikaja kama kifurushi kwenye matatu. Bodi ya ESP32, kipokezi cha GPS cha NEO-6M, kihisi cha mwendo cha MPU-6050, na SIM800L ya kuwekea laini ya simu. Nikavifunga ndani ya kopo la plastiki, nikalipaka rangi nyeusi (lazima kiwe cheusi jamani) na kulikaza chini ya dashibodi. Nikaegesha gari uani kwetu, mahali tambarare, nikakiambia kihisi: hapa ndipo sifuri yako.

Kanuni yangu ilikuwa rahisi. Kila safari inaanza na alama 100. Breki kali inakata alama 3. Kona kali inakata 2. Kila dakika ya kuzidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji inakata 1. Breki kali niliihesabu kuwa chochote kinachozidi 0.3 g, yaani kama gari limepoteza karibu kilomita 10 na nusu kwa saa ndani ya sekunde moja. Jioni seva inajumlisha na kumtumia mama ujumbe mfupi wenye alama za siku.

Mdogo wangu hakupinga. Alikuwa na hakika atafanya vizuri.

Wiki ya kwanza alikwenda safari 6. Wastani wake ulikuwa 36.

Nadhani mnajua barabara ya Meru kwenda Embu. Inakata mabonde ya mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, kwa hiyo kazi yake ni kuteremka hadi darajani na kupanda tena. Mojawapo ni daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Hakuna mzazi wa huku ambaye hakumbuki. Sasa mama anapokea ujumbe kwenye simu unaomwambia mwanawe anakanyaga breki kali mara 20 kwa safari moja, na akiniuliza ni wapi, mimi bila kufikiri namwonyesha ramani yenye vidoti vyekundu vimejazana kwenye miteremko, na pale Nithi vikiwa vingi kuliko kwingine.

Mama alinyoosha mkono akaomba ufunguo. Mdogo wangu alisema maneno machache tu, kwamba anateremka pole na hajui hizo breki kali ni zipi. Nikamwambia mashine haidanganyi. Hayo ni maneno yangu kabisa, na mnisamehe.

Wiki mbili mama akalipa dereva wa nje. Kijana akakaa nyumbani. Majirani wakauliza mbona yule mvulana haendeshi tena, na kwa sababu ni kijijini kila mtu akajitungia jibu lake. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana tu.

Jumamosi moja dereva wa nje hakuja, nikalazimika kupeleka viazi Chuka mwenyewe. Niliendesha kama mtu aliyebeba trei za mayai. Malori yalinipita. Kwenye kila mteremko nilishuka na gia ndogo na kugusa breki mapema, taratibu. Jioni ujumbe wa mama ukaingia, akanisomea kwa sauti mbele ya watu wote mezani: alama 38. Breki kali 20, kona kali 1.

Mdogo wangu hakucheka. Aliinuka akaenda kulala.

Usiku huo sikulala. Wenye kuelewa mambo haya mmeshaliona kosa kitambo. Kihisi kama MPU-6050 hakipimi mwendo peke yake, kinahisi pia nguvu ya uvutano wa dunia. Gari likiwa tambarare, nguvu hiyo yote inaelekea chini na hakuna shida. Gari likiinamisha pua kwenye mteremko, kipande cha nguvu hiyo kinahamia kwenye mstari wa mbele na nyuma, na kwa kihisi hilo linafanana kabisa na kufunga breki. Mteremko wa kushuka mita 10 kwa kila mita 100 unakupa karibu 0.1 g ya bure, hata kama mwendo wako haujabadilika kabisa. Ukigusa breki ya kawaida ya 0.2 g na ushee, kisanduku changu kinasoma zaidi ya 0.3 g na kuandika: breki kali. Niliweka sifuri uani, halafu nikampeleka kijana milimani kumhukumu.

Dawa yake ni ya mtoto wa mwaka wa pili chuoni. Nikaacha kutegemea kihisi peke yake, nikalinganisha na mwendo wa GPS wa kila sekunde, ambao haujali mlima. Data ya zamani ilikuwa bado kwenye seva, nikaipitisha upya. Kati ya breki kali zaidi ya 120 nilizokuwa nimemhesabia mdogo wangu wiki ile ya kwanza, za kweli zilikuwa 3. Asubuhi nilimwamsha nikamwonyesha siku na mahali. Alizikumbuka zote bila kufikiri: mbuzi aliyekatiza Igoji, boda boda isiyo na taa, na matatu iliyosimama ghafla katikati ya barabara kubeba abiria.

Nikamwomba msamaha. Alikubali, halafu akaniambia jambo lililonitisha kuliko kosa lenyewe.

"Siku mbili za mwisho nilikuwa naogopa kukanyaga breki," alisema. "Nilijua nikikanyaga, alama zinashuka na mama anaona. Pale Nithi nilishuka nikiwa nimetoa mguu. Wewe si ndiye uliyesoma kompyuta? Nikajua mwenye makosa ni mimi."

Nilirudi kuangalia data ya siku hizo. Ni kweli. Kwenye mteremko uleule, mwendo wake ulikuwa juu kuliko siku za kwanza. Kisanduku nilichokiweka ili awe salama kilikuwa kinamfundisha kuteremka Nithi bila breki, na kwenye hesabu zangu siku hizo mbili zilionekana kama anaanza kuboreka.

Nilipomweleza mama yote hayo, alirudisha ufunguo mezani akasema kwa upole, "Mimi nilidhani kinamwambia yeye. Kumbe kilikuwa kinaniambia mimi."

Sasa tuseme kosa hili halikuwa la kaka mtu, ambaye unaweza kumkasirikia mezani. Tuseme ni la kampuni, na alama 36 zimeingia kwenye mafaili yake. Nani angekwenda kuendesha Probox hadi Chuka kuhakikisha? Na nani angejua zimefika wapi? Marekani Machi 2024 gazeti la New York Times liliandika kwamba General Motors ilikuwa ikipeleka data za uendeshaji za wateja wake kwa kampuni zinazohudumia wenye bima, na kuna watu waliona bima imepanda bila kujua gari lao ndilo lililowachongea. Januari 2025 shirika la serikali linalolinda walaji huko, FTC, likatangaza hatua ya kuizuia isipeleke data hizo kwa kampuni za kuripoti wateja kwa miaka 5.

Sisi tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuambiwa data yako inatumiwaje, kuiona, na kuomba irekebishwe au ifutwe ikiwa si sahihi. Kifungu cha 35 kinasema una haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake. Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho kwa ajili ya kazi za wateja. Haikunijia hata siku moja kwamba kinahusu mdogo wangu.

Sisemi visanduku hivi ni vibaya. Swali la mama kwa yule ajenti bado ni la haki, na kijana anayeendesha vizuri hastahili kulipia makosa ya wenzake wa umri wake. Lakini ajenti akikuletea kifaa kama hicho, muulize haya kabla ya kusaini. Dereva ataona alama zake na sababu zake, au ataona bei tu? Akisema hii si kweli, kuna mtu wa kumsikiliza? Kifaa kimejaribiwa kwenye milima yetu na matuta yetu yasiyo na rangi, au kimetoka kwenye barabara tambarare za watu wengine? Data inakaa muda gani, na inapewa nani?

Kisanduku changu bado kiko chini ya dashibodi. Nimeondoa alama kabisa. Kinaonyesha mahali na mwendo, ujumbe unakwenda kwa mdogo wangu kwanza, na kila kitu kinafutika baada ya siku 7. Kama kuna jambo anataka mama ajue, anamwambia mwenyewe. Jana alirudi kutoka Chuka akamwambia mama kwamba breki za nyuma zimeanza kulia, akapeleka gari kwa fundi kabla ya safari ya leo. Kihisi changu hakikuwa kimeona lolote.

Wiki ijayo nitawaonyesha jinsi nilivyounganisha GPS na kihisi, mchoro wa waya na programu yote. Mkiona kosa lingine, niambieni mapema kabla sijamfungia mtu mwingine.